Kagua chini kabla hujamwaga jamvi: mwongozo kwa mnaojenga Mtwara na Lindi

Maswali ni yaleyale kila mwaka. Nyumba mpya kabisa, rangi inabanduka chini ya ukuta, marumaru zinatoa unga mweupe kwenye viungo, godoro likilazwa chini linanuka uvundo, na mwenye nyumba anauliza anunue rangi gani ya kuzuia fangasi. Rangi haitamsaidia. Tatizo lake liko chini ya jamvi (ile sakafu ya zege), lilifunikwa siku ile zege lilipomwagwa, na siku moja kabla ya hapo lingerekebishwa kwa kipande cha nailoni na tepu. Ndo maana mwongozo huu unakazania saa chache kabla ya zege, hapo ndipo hela yako inapopona au inapopotea.

Naandika kwa anayejenga mara ya kwanza, labda upo Dar au upo shamba huko Tandahimba na nyumba inajengwa Chuno, Mbae, Mitwero au Ngongo, fundi anakupigia simu "bosi kesho tunamwaga" na wewe unasema sawa. Usiseme sawa. Sema subiri nije nione, au mtume mtu unayemwamini na mwongozo huu mkononi.

Wengine mnaniuliza kuhusu vile vibao vya foma mnavyoona kwenye video, Ulaya wanavitandika chini ya sakafu. Wenzetu kule wanazuia joto la ndani lisipotelee ardhini maana wanawasha hita miezi mingi. Kwetu joto linashuka kutoka kwenye bati, kwa hiyo hela ya foma ipeleke kwenye dari na paa. Sakafu yetu sisi inahitaji kukingwa na maji, chumvi na mchwa.

Nadharia ni hii tu: ardhi hata ikiwa kavu juu, chini ina unyevu, na zege lina vitundu vidogo sana, linavuta maji kwenda juu kama utambi wa kibatari. Yakifika juu maji yanakauka ila chumvi inabaki, ndo huo unga mweupe. Nailoni ya DPM, ile plastiki inayotandikwa chini ya jamvi, inakata njia hiyo kwenye sakafu, na DPC, ule utepe wa kuzuia unyevu unaolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, inakata kwenye ukuta. Hizo mbili zikiachana kidogo tu pale pembeni, maji yanapita hapohapo.

Jambo la msimu pia. Huku kwetu hela ya korosho inaanza kutoka Oktoba, Novemba, na mvua nayo inaingia Novemba au Desemba mpaka Aprili, Mei. Kwa hiyo watu wanakimbizana, kifusi kinajazwa kwa siku moja, nailoni inatandikwa huku wingu limeshatanda, hakuna anayekagua. Kama hela imechelewa na mvua imeshaanza, bora usimamishe msingi ukiwa umejazwa na kushindiliwa, jamvi lisubiri kipindi cha jua. Msingi ulioshindiliwa hauharibiki kwa kusubiri wiki tatu, utakachofanya ni kushindilia tena juu kabla ya kuendelea.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nailoni ya DPM geji 1000 (maikroni 250), ya kutosha chumba chote pamoja na mapindo ya pembeni. Chumba cha mita 4 kwa 4 kitakula karibu mita za mraba 20, na zaidi kidogo kama nailoni yako ni nyembamba kwa upana na ina viungo vingi.
- DPC ya roli, upana sawa na ukuta wako.
- Tepu pana ya plastiki inayoshika vizuri, usinunue solotepu ya ofisini.
- Mawe magumu ya kupanga chini, na mchanga laini wa kufunika mawe.
- Dawa ya mchwa ya kutibu ardhi, glavu, barakoa na bomba la kupulizia.
- Kishindilio, cha mkono au kompakta ya kukodi.
- Mpira wa maji wa kuchukulia levo, futi kamba, wembe au kisu.
- Mbao za kupitishia toroli. Hizi mafundi wanazisahau kila siku.
- Saruji, mchanga usio na chumvi, kokoto. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4) chumba hichohicho cha 4 kwa 4 chenye jamvi la sentimita 10 kinataka mifuko kama 10 ya kilo 50.

Kuhusu nailoni, hapa watu wanapigwa sana. Dukani utaambiwa "hii ndo DPM" na ni nyembamba ya kufunikia mchanga. Ipime kwa mizani: nailoni ya maikroni 250 ina uzito wa karibu kilo 2.3 kwa kila mita 10 za mraba, kwa hiyo roli la upana wa mita 4 na urefu wa mita 25 linakaribia kilo 23. Ukikuta lina kilo 12, hiyo ni nusu ya unene, rudisha. Na tafadhali msitumie mifuko ya salfa iliyofumuliwa wala turubai la kuanikia korosho, nimeona watu wanatandika hivyo kubana hela, ile mifuko imefumwa na ina mishono, maji yanapita.

Hatua kwa hatua

1. Anza na levo ya nje. Chukua mpira wa maji, tafuta juu ya jamvi itakaa wapi ukilinganisha na uwanja. Kiwango cha chini kabisa ni sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, ila mimi kwa maeneo ya chini karibu na bahari, mashamba ya chumvi au mabonde nasema 45 na kuendelea. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, maji ya namna hiyo hayachagui nyumba, yanaangalia tu nani yuko chini. Na upige hesabu ya baadaye: ukija kuweka pevingi uwanja utapanda sentimita 10 au zaidi. Hesabu hiyo ifanye leo.

2. Toa uchafu wote ndani ya msingi. Mizizi, vipande vya mbao za kufungia zege, mifuko ya saruji, magamba, majani. Mafundi wanapenda kuvifukia humohumo kwa sababu ni kazi kuvitoa. Vikioza vinaacha uwazi, jamvi linakosa pa kulalia linapasuka, na mbao kwa mchwa ni mwaliko. Kama palikuwa na mkorosho au mwembe, ng'oa kisiki, usikate tu juu.

3. Jaza kifusi kwa tabaka. Sentimita 15, mwagia maji kidogo, shindilia, halafu sentimita 15 nyingine. Changarawe nyekundu au mchanga mzuri unafaa, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka haufai kabisa. Wengi wanajaza mita nzima kwa mkupuo halafu wanamwagia maji wanasema mvua itashindilia yenyewe, hapana, juu panakuwa pagumu chini panabaki legelege, baada ya mwaka sakafu inabonyea katikati ya sebule. Jipimie mwenyewe: chukua nondo ya milimita 12, isukume kwa mikono. Ikizama kirahisi kama inaingia kwenye mchanga wa ufukweni, washindilie tena.

4. Panga mawe. Unene wa sentimita 15 mpaka 20, mawe magumu. Haya mawe ya chokaa yanayochimbwa huku pwani yapo yaliyo magumu na yapo yanayosagika mkononi, yale ya kusagika weka pembeni. Ziba mianya kwa vijiwe vidogo, gonga ncha zilizochongoka.

5. Funika mawe kwa mchanga laini, sentimita 5 hivi, na ushindilie. Hatua hii ndo inarukwa kuliko zote. Bila huo mchanga nailoni inalala juu ya ncha za mawe, mtu akikanyaga inatoboka, na hutaona kwa sababu tundu liko chini ya unyayo. Pitisha kiganja chako juu ya mchanga, popote unapohisi jiwe linachoma, ongeza mchanga.

6. Piga dawa ya mchwa sasa, kabla ya nailoni. Fuata vipimo vya kwenye chupa, vaa glavu na barakoa, watoto na kuku wakae mbali. Kazania pembeni kwenye kuta za msingi na kuzunguka mabomba, mchwa wanapenda kupanda hapo. Kama kuna kisima karibu ongea kwanza na muuza dawa kuhusu umbali salama. Usipige ikiwa mvua inakaribia, itasombwa yote.

7. Tandika nailoni. Hapa taratibu, maana ndo moyo wa kazi nzima.

Ianze ukutani, ipande pembeni na ibaki ya kutosha kulala juu ya ukuta wa msingi ili ikutane na DPC. Kosa ninalolikuta zaidi ya yote ni nailoni kukatwa sawasawa na kingo za chumba "ili ipendeze". Inapendeza kweli, ila umeacha mlango wazi nyumba nzima kwa mzunguko. Nailoni na DPC zipandane angalau sentimita 10.

Viungo vipishane sentimita 30, pangusa mchanga, kausha kwa kitambaa, ndo ubandike tepu urefu wote. Tepu haishiki kwenye vumbi wala kwenye umande, kwa hiyo kazi hii ifanyike jua likishatoka vizuri.

Kwenye kona usikate, kunja kama unavyofungia zawadi. Ukikata kona umetengeneza tundu.

Kwenye bomba la choo na la maji, usipasue msalaba mkubwa. Kata tundu dogo kuliko bomba, lipitishe kwa nguvu, kisha kata kipande kingine cha nailoni upana wa sentimita 30 hivi, nacho kitoboe kidogo, kivalishe juu, zungushia tepu kwenye bomba na kwenye nailoni. Chumba chenye mabomba manne kinaweza kuchukua saa nzima kwa hilo tu, mpe fundi muda.

8. Weka waya wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege) kama ramani yako inao, uinuliwe kwa vipande vidogo vya zege, visiwe vya nondo. Miguu ya nondo inatoboa nailoni, na kwa chumvi ya huku pwani inashika kutu inapeleka kutu juu. Waya ukae karibu na juu ya jamvi, kama sentimita 4 kutoka juu. Ile ya kuulaza chini halafu "tutauvuta na ndoano wakati wa kumwaga" nakuomba usiikubali, watu wanaumwagia hukohuko chini na haufanyi kazi yoyote.

9. SIMAMA. Kagua. Waambie wote watoke, vua viatu, tembea polepole ukiwa umeinama. Angalia kila kiungo, kila kona, kila bomba. Ukiona doa la giza au unyevu juu ya nailoni, kuna tundu. Kila tundu litie kiraka kinacholizidi sentimita 15 kila upande, tepu pande zote nne. Piga picha kila chumba, zitakusaidia siku ukitaka kujua bomba limepita wapi. Kama uko mbali, hizi picha ndo unazodai kabla ya kutuma hela ya zege, na uzitake za karibu za kona na mabomba, maana picha ya chumba kizima kutoka mlangoni haionyeshi kitu.

10. Mwaga zege. Toroli zipite juu ya mbao, zisipite juu ya nailoni. Anza kona ya mbali ukirudi mlangoni. Maji yawe lita 25 mpaka 30 kwa mfuko, na kama mchanga umelowa punguza. Saidia fundi watakuomba waongeze maji ili zege liteleze, elewa kwamba kila ndoo ya ziada inaongeza vitundu na nyufa. Sentimita 10 ziwe sentimita 10 kila mahali, pima kwa nondo yenye alama, sio kwa macho.

Mchanga wa ufukweni usiutumie, hata kama jirani ametumia na nyumba imesimama. Una chumvi, chumvi inakula nondo na inavuta unyevu hewani, kwa hiyo hata nailoni ikiwa nzima jamvi lako litatoa unga mweupe lenyewe. Onja kidogo kwa ncha ya ulimi, na uangalie vipande vya kauri na makombe. Ukihisi chumvi, lori lirudi.

11. Mwagilia siku 7. Asubuhi baada ya kumwaga, funika kwa mchanga au magunia yaliyolowa, yasikauke hata mchana. Upepo wa bahari na jua la saa saba vinakausha jamvi juu kabla ya chini, nyufa zinatokea. Ajiri mtu wa kazi hiyo, ni hela ndogo.

12. Kabla ya tofali la kwanza la ukuta, hakikisha DPC imelala juu ya nailoni, haijachanika, inatokeza kidogo pande zote mbili. Na baadaye wakati wa plasta ya nje, plasta isishuke ikapita DPC mpaka kwenye udongo. Plasta yenyewe inanyonya, itavusha maji juu ya DPC na kazi yako yote ya chini inakuwa bure. Ikomee kwenye DPC, chini ya hapo weka plasta yake tofauti.

Kitu kimoja watu wanachanganya: DPM inazuia maji ya kutoka chini. Bafuni na chooni kuna maji ya kutoka juu, pale unahitaji kinga nyingine ya kupaka juu ya jamvi, ipande ukutani sentimita 15 mpaka 20 na zaidi upande wa shawa, halafu mteremko wa sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, ndipo marumaru.

Ikishaharibika, fanya hivi

Sakafu ina unyevu, hujui unatoka wapi. Chukua nailoni angavu sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, iache siku nzima, usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, maji yanatoka ardhini. Matone yakiwa juu na chini pakavu, huo ni unyevu wa hewa, fungua madirisha, tatizo si DPM. Rudia sehemu mbili tatu, katikati na pembeni.

Unyevu uko sehemu moja tu, karibu na bafu au jiko. Shuku bomba kwanza. Funga koki zote, soma mita ya maji, subiri saa moja au mbili bila kutumia maji, soma tena. Imesogea? Bomba linavuja. Usivunje sakafu nzima kwa ajili ya bomba.

Unyevu uko pembeni tu, kwenye kuzunguka kuta. Hapo nailoni na DPC hazikukutana, au plasta ya nje imeshuka, au udongo na pevingi vimepanda juu ya DPC. Anza nje kwa sababu ni rahisi: shusha udongo uwe sentimita 15 chini ya DPC, hamisha bustani ya maua iliyoegemea ukuta, kata plasta iliyopitiliza, elekeza maji ya bati mbali. Halafu subiri kipindi kizima cha jua ukuta ukauke kabla ya kugusa ndani. Kwa wengi hilo linatosha.

Jamvi lote lina unyevu ila hujaweka marumaru. Una bahati. Safisha, ziba nyufa, tandika nailoni ya geji 1000 juu ya jamvi ikipanda ukutani, kisha sakafu ya saruji na mchanga isiyopungua sentimita 5. Isiwe nyembamba kuliko hapo, kwa sababu haijashikana na jamvi la chini, itapasuka. Pima kwanza milango, sentimita 5 zikiongezeka fremu inakuwa fupi na ngazi ya nje inabadilika.

Marumaru zimeshawekwa na zinalia wazi ukigonga. Zinazolia peke yake zing'oe, angalia chini. Kama gundi imelowa na jamvi lina unyevu, kubandika upya bila kinga ni kurudia gharama. Utang'oa chumba hicho, upake kinga ya maji inayofaa chini ya marumaru, uache ikauke, ubandike. Fanya chumba kimoja kimoja kadiri hela inavyoruhusu, ukianza na kile wanacholala watoto.

Unga mweupe ukutani. Ukwangue kwa brashi kavu, usioshe kwa maji, maji yanairudisha chumvi ndani. Usipake rangi ya mafuta juu yake, itavimba na kubanduka, na unyevu utapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ondoa chanzo, acha ukuta ukauke, ndipo ubandue plasta iliyooza kwa chumvi, kawaida inafika kama mita 1 kutoka chini, upige mpya.

Jamvi limebonyea katikati. Hii si kazi ya nailoni wala rangi, kifusi kimeshuka. Kujazia juu kunaongeza uzito na kunaficha tu. Vunja sehemu iliyobonyea, shindilia upya kwa tabaka, rudisha mawe, mchanga, nailoni iunganishwe na ile ya zamani kwa kupishana sentimita 30 na tepu, mwaga tena. Na ukishafungua, chungulia pembeni mwa tundu kama kuna njia za mchwa, piga dawa kabla hujafunga.